Milango Miwili ya Nyumba za Tel-Hadur

Wapita njia wakifika hapa Tel-Hadur huzicheka nyumba zetu. Nanyi wajukuu zangu mmeanza kucheka, nimewasikia. Basi kaeni niwaeleze, mcheke mkijua mnachokicheka.

Enzi hizo nyumba ya hapa ilikuwa na mlango mmoja tu, kama nyumba za watu wenye akili zao. Watu walioana, wakagombana, wakazikana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake nani ni mwenyeji.

Ndipo akaja mfalme wa Ashuru. Mji uliomkatalia aliuvunja kuta, akaikata mitende yake, na wakubwa wake akawachuna ngozi. Lakini ubaya wake mkubwa haukuwa huo. Aligundua kwamba mtu akiwa kwao ana jeuri, na akiwa ugenini hunyamaza. Kwa hiyo akawang'oa watu wa Tel-Hadur wote, wazee kwa watoto, akawapeleka kusini kuchimba mifereji. Na ili mashamba yasilale, akawang'oa watu wengine huko Elamu, ambao hatukuwa na ugomvi nao wala wao nasi, akawaleta kukaa humu. Walikuta vyungu vingine bado vina chakula.

Miaka ikaenda. Ashuru ikaanguka, wala hatukuilia. Babeli ikatawala, nayo ikaanguka. Kisha akaja Mwajemi, mfalme mwenye maneno matamu, akatangaza kwamba kila aliyehamishwa yuko huru kurudi kwao. Watu walimwimbia nyimbo. Ningekuwepo ningeimba nami, kwa ujinga uleule.

Miongoni mwa waliorudi alikuwamo Zabina, mjane mwenye mwana mmoja, Barhadu. Zabina hakuwahi kuiona Tel-Hadur, ila bibi yake alimfundisha nyumba yao kama mtoto anavyofundishwa sala: kizingiti cha jiwe jeusi, dirisha dogo la jikoni, mkomamanga nyuma. Alitembea mpaka miguu ikavimba. Alipokiona kizingiti kile alikikalia, akalia.

Mlango ukafunguka. Akatoka Nahunti, mjukuu wa wale walioletwa kutoka Elamu, mjane vilevile, na nyuma yake mwanawe Tepti.

"Dada, mbona unalia mlangoni kwangu?"

"Ni mlango wa bibi yangu huu."

"Bibi yako simjui," akasema Nahunti. "Ninayemjua ni mama yangu, na nimemzika hapo nyuma, chini ya mkomamanga."

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nahunti alimletea mwenzake maji, naye akanywa. Wangeishia hapo, ingetosha. Vyumba vilikuwa viwili, mkomamanga ulizaa sana, na vijana wao walikuwa wameshaanza kupimana urefu mgongo kwa mgongo. Lakini kila mama alitaka kuambiwa kwamba nyumba ni yake na mwenzake ni mgeni. Wakapelekana kwa liwali wa Mwajemi.

Liwali aliwasikiliza kwa adabu, akaagiza hata waletewe viti. Kisha akasema, "Mfalme hamnyimi mtu kwao. Wewe ni mwenye nyumba, na wewe pia ni mwenye nyumba. Jengeni ukuta katikati, kila mmoja awe na mlango wake."

Walishukuru mpaka wakainama. Ukuta waliujenga wale vijana wawili, Tepti akikanda udongo, Barhadu akipanga matofali, huku wakitaniana. Mlango wa pili ukatobolewa upande wa magharibi. Kijiji kizima kikafuata, maana kila nyumba ilikuwa na kesi hiyohiyo.

Mwaka uliofuata wakaja askari. Mfalme alikuwa anakwenda vitani ng'ambo ya bahari, na amri ilikuwa kila mlango utoe kijana mmoja. Nyumba ambayo ingetoa mmoja sasa ilitakiwa itoe wawili.

Nahunti alimshika askari mkono. "Bwana wangu, hii ni nyumba moja. Huyu ni dada yangu."

"Ni dada yangu kweli," akasema Zabina. "Chungu chetu ni kimoja."

Askari akautazama ukuta, akaitazama milango. "Kama ni ndugu," akauliza, "kwa liwali mlifuata nini?"

Akawaandika vijana wote wawili. Barhadu na Tepti wakaondoka pamoja, na hawakurudi. Mtu mmoja aliyerejea bila mguu ndiye aliyeleta habari kwamba walizikwa shimo moja. Siku hiyo Zabina alilia upande wake na Nahunti upande wake. Ukuta ulikuwa mwembamba, kila mmoja alimsikia mwenzake. Hakuna aliyetoka kwenda kugonga mlango wa pili.

Na mpaka leo nyumba za Tel-Hadur zina milango miwili, na wanaolala chini ya paa moja hawasalimiani. Mwashuru amekwisha. Mwajemi naye amekwisha, na anayehesabu milango hayupo tena. Udongo haudumu, wajukuu zangu. Ukuta ule ungeachwa ungeanguka wenyewe zamani. Lakini kila mwaka mvua zikikatika tunaukandika upya, kila mtu upande wake, na hakuna anayetuamuru.