Majani Mawili Katika Bua Moja

Ujinga una marafiki wengi, na adui yake mkubwa ni muulizaji. Wahenga walilijua hilo, ndiyo maana wakamtetea kwa maneno matatu tu.

Majira ya kuchipua yafikapo, wanawake wa milima ya Swabia, kusini mwa Ujerumani, huingia msituni kuchuma saumu mwitu kwa ajili ya supu. Kila mama humrithisha bintiye kanuni moja: fikicha jani, linuse, likinuka saumu, litie kikapuni. Kanuni hiyo ni kongwe, na watu wengi huuchukua ukongwe kuwa ushahidi.

Siku hiyo Kunigunde alimpikia supu mumewe, Gebhard, aliyetimiza miaka sabini. Moyo wa mzee huyo ulikuwa umechoka kama punda wa kinu, nao ulijikongoja kwa vidonge vya daktari. Wageni walikwisha kuketi. Chungu cha kwanza kilikwisha kupelekwa mezani, na jikoni mkaza mwana wao, Wiebke, mgeni kutoka kaskazini, alikuwa akiosha majani yaliyobaki kikapuni kwa chungu cha pili.

"Mama, mbona mengine kila jani lina bua lake, na haya yametoka mawili katika bua moja?"

"Wewe osha tu, mwanangu. Supu haihesabu mabua."

Wifi yake, Adelinde, aliangua kicheko. "Kwenu mnajua samaki tu! Nusa basi, wifi."

Wiebke alinusa jani: saumu. Akanusa taulo: saumu. Akanusa mpini wa kisu: saumu.

"Na kisu nacho tukitie chunguni?"

Kicheko kilikatika kama uzi. Kunigunde alikuwa na kiburi, ila hakuwa mpumbavu. Aliisugua mikono kwa sabuni na limau, akalifikicha moja la majani yale pacha, akanusa. Halikunuka kitu ila ubichi. Uso ukamsawijika.

"Nyinyoro ya mabondeni, ua la sumu! Babu yake Gebhard alipewa matone yake kutuliza moyo."

"Matone, Mama. Sisi tumempa bakuli."

Kunigunde alitoka mbio kama swala na kumpokonya mumewe, aliyengojewa na wote aanze, kijiko kilipokaribia mdomo.

"Hata leo unaninyima, mke wangu?"

"Leo nakunyima kaburi, mzee! Na ninyi nyote, wekeni vijiko chini!"

Supu ilimwagwa shimoni. Wageni walikula soseji na mkate, na Gebhard akacheza dansi na mkewe hadi viatu vikalalamika. Kisha Kunigunde akaushika upawa wake, ambao hata Adelinde hakuwahi kuugusa, akamkabidhi Wiebke mbele ya wote.

"Huyu haoshi tena majani. Huyu atauliza, na sisi tutajibu."

Bilauri ziliinuliwa, ukumbi ukatikisika kwa vifijo. Adelinde alimsogelea Wiebke na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, lile la sumu ni lipi tena?"

Hakuna aliyecheka. Kuuliza si ujinga.