Chungu ya Karanga Isiyobakiza

Ngano hii hapa!
— Ilete tuipepete.
Ina makapi.
— Tutayapuliza.

Wanyama kumi walilima shamba moja la karanga: Bi Kindi, Mzee Kobe, Digidigi na wenzao saba. Nyani hakulima. Nyani alikuwa na meno marefu, basi akajipa kazi ya kugawa. Sheria yake ilikuwa fupi: "Nasema mimi wagawane wangapi. Ikibaki hata karanga moja, chungu ina mkosi, naibeba yote."

Msimu wa kwanza zikabaki tatu, akabeba zote. Msimu wa pili ikabaki moja, akabeba zote. Msimu wa tatu watoto wa Bi Kindi walishinda wakitafuna maganda, na mama yao akawa anatazama pembeni.

Msimu wa nne Bi Kindi akawaambia wenzake, "Kuhesabu niachieni mimi." Akakaa siku sita na vijiwe, akipanga na kupangua, kwa wawili, kwa watatu, kwa wanne, hadi akaipata idadi aliyoitaka: elfu mbili mia tano na ishirini. Karanga zilizozidi akawapelekea wenzake majumbani.

Asubuhi ya mgao Nyani akaja na gunia.

"Wagawane kumi," akasema. Pa, pa, pa, pa. Kila mmoja mia mbili hamsini na mbili. Haikubaki.

"Kobe hakupalilia vizuri. Kobe toka, wagawane tisa." Pa, pa, pa, pa. Kila mmoja mia mbili na themanini. Haikubaki.

"Digidigi ana mafua. Digidigi toka, wagawane wanane." Pa, pa, pa, pa. Haikubaki.

Saba, haikubaki. Sita, haikubaki. Jua likapanda, vidole vya Nyani vikavimba. Watano, wanne, watatu, haikubaki. Mwisho wakasalia Bi Kindi na Panya tu, kila mmoja na elfu moja mia mbili na sitini. Haikubaki.

"Umechoka, baba," Bi Kindi akasema. "Waite wote warudi, tugawane kumi, ukapumzike."

Nyani akakuna shavu. "Kumi nani kasema? Mke wangu, njoo uwe wa kumi na moja."

Moyo wa Bi Kindi ukapiga ti-ti-ti. Kumi na moja ilimshinda kule kwenye vijiwe; alijua itabaki moja. Nyani akainama kufungua mdomo wa gunia. Hapo Bi Kindi akaokota karanga moja, kwa! akaipasua, akaitia kinywani.

"Unafanya nini wewe?"

"Naonja, baba. Isije ikawa chungu, ukalaumiwa mgawaji."

Nyani akagawa. Pa, pa, pa, pa. Kila mmoja mia mbili ishirini na tisa. Akapapasa chini, akapekua majani. Haikubaki.

Akamgeukia mkewe kwa sauti laini. "Haya, mke wangu, twende tukale fungu letu."

"Letu?" mkewe akauliza, huku akijitwika. "Wewe ni mgawaji, mume wangu. Aliyegawiwa ni mimi."

Bi Kindi akarudi kwake, watoto wakala wakashiba, wakalala na jua bado liko juu.

Ngano hii inatufundisha kwamba ni utovu wa adabu kuonja chakula kabla hakijagawiwa.
— Hayo ndiyo makapi, tunayapuliza.

Nimeitua hapa, mwenye bega aibebe.