Kiboko Alivyoinuliwa Mapaja

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa maji?"
"Maji yana mwenyewe!"

Haya, sogeeni. Mwenyewe ndiye Bwana Kiboko. Mwaka ule wa ukame lilibaki bwawa moja tu, naye akajilaza katikati. Ukisogeza ulimi, anafunua kinywa: "Langu!" Watoto wa Bi Nungunungu walikauka koo, hata kulia hawawezi.

Lakini majani nayo yalikwisha, Kiboko akakonda. Mwili ukapungua, ngozi isipungue. Mapaja yakaning'inia kama mapazia. Akitembea, pwata-pwata, pwata-pwata! Mimi sisengenyi mtu. Haya kaniambia Kunguru.

Bi Nungunungu akaja na miiba yake mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Mapaja hayo yanainuliwa, ati."

"Marahaba. Yanainuliwa?"

"Kwa operesheni. Ngozi iliyozidi inakatwa hapa kwenye kinena, inayobaki inavutwa juu kama unavyopandisha suruali, inashonwa. Kovu halikosi, ila linajificha kwenye mkunjo."

"Lo!" Macho yakamtoka. "Na sindano?"

"Sindano ninazo, baba. Chagua."

Kiboko akafumba macho. Chomo! Chomo! Kila paja mchomo mmoja, basi. Kukata, hakukata hata unywele.

"Tayari. Sasa masharti: mshono usiguse maji. Na mapaja yakae juu mpaka nikuambie."

Kiboko akapanda kilimani, akalala chali, miguu yote inatazama mbingu. Huku chini wanyama wakamiminika bwawani, gugu-gugu-gugu! Watoto wa Bi Nungunungu wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Jamani, yameinuka?" sauti ikatoka kilimani.

Wakatazama juu, vinywa wazi, maji yanawachuruzika. "Yameinuka, bwana! Hatujapata kuona mapaja yaliyoinuka hivyo!"

Mvua ikaja, ngurumo, puu! Kiboko akakimbilia pangoni kuokoa mshono. Majani yakaota, akala, akanenepa, ngozi ikajaa. Siku aliyoruhusiwa kushuka akajitazama majini: mapaja ndi!

"Ajabu!" akanguruma. "Na kovu silioni!"

Hata daktari mwenyewe alishangaa, mwiba ukamdondoka. Na sasa Tembo kapiga foleni mlangoni kwake, anataka anyooshwe mwili mzima.

Hadithi nimeishona, uzi nimeukata. Funzo lake: anayetaka mapaja mazuri asioge. Na mapaja ya mtu hayachekwi, wajukuu zangu. Mngoje apite kwanza.