Foleni ya Vitumbua vya Mama Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakiamka wanapiga mswaki na kwenda sokoni kama sisi (we Mwanaidi, acha kumfinya mwenzio, sikiliza!), palikuwa na gulio kila Jumatano pale Majanimengi.

Kwenye gulio hilo Mama Nguchiro alikuwa na kibanda cha vitumbua. Kamwili kadogo, mjane, lakini vitumbua vyake, mmh! Kwa vitumbua hivyohivyo alikuwa akimsomesha binti yake, Sikudhani, chuo cha biashara huko ng'ambo ya ziwa.

Sasa soko lile lilikuwa na sheria yake. Kibanda kikipitisha magulio matatu bila mteja hata mmoja, ngoma ya saa tisa ikilia, mwenyewe anakusanya vyombo na kuondoka. Na mwenyekiti wa soko, Mzee Kiboko, alikitaka kibanda kile ampe shemeji yake. Unajua alifanyaje? Kila Jumatano alfajiri akawa anakuja, anajitupa pwaa! mbele ya kibanda, uso kwa Mama Nguchiro, mgongo kwa watu. Nani angeona vitumbua nyuma ya kiboko? Na nani angethubutu kumwambia mwenyekiti asogee?

Gulio la kwanza, hakuna mteja. La pili, hakuna.

Asubuhi ya gulio la tatu Sikudhani akafika likizo, begi mgongoni. Akamkuta mama yake anapepea moto, machozi yanamtiririka.

"Shikamoo mama. Ni moshi huo, au unalia?"

"Marahaba, mwanangu. Ni moshi." Kisha akashindwa kujikaza. "Gulio la tatu hili Kiboko anatuziba. Leo wanatutoa, Siku. Na masomo yako ndiyo basi tena."

Sikudhani moyo ukamuuma. Akamgeukia Kiboko.

"Shikamoo, babu. Tunaomba utupishe kidogo, wateja wapite."

"Marahaba. Kwani nimekugusa?"

"Hujanigusa, babu."

"Basi!" Kiboko akapiga mwayo, akafumba macho.

Sikudhani alikuwa na tabia moja. Kila mji aliofika alikaa pembeni, akatazama wenyeji wanavyonunua. Akamnong'oneza mama yake, "Mama, huko ng'ambo nimeona ajabu. Wengi hawanunui kwa sababu ya njaa. Wakiona foleni, wanajipanga! Hata mimi nilijipanga nusu siku nzima. Nafika mbele, kumbe wananoa visu. Nami sina kisu!"

"Na hayo ndiyo uliyokwenda kusomea?"

"Ndiyo hayohayo. We kaanga, mama. Iliki usiionee huruma."

Chwaaa! Mafuta yakaitika. Sikudhani akapenya pembeni, akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa Kiboko, mikono kifuani.

Akapita Ngiri na kikapu chake. "We mtoto, unasubiri nini hapo?"

"Vitumbua. Niko nyuma ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti mwenyewe kapanga foleni?"

"Yupo hapa tangu alfajiri. Na gulio lililopita alikuwepo. Na la kabla ya hilo."

"Magulio matatu! Loo! Vina nini hivyo vitumbua?" Ngiri akajipanga.

Akaja Pundamilia, akajipanga. Nyumbu mnawajua, hata hawakuuliza. Alisimama mmoja, wakasimama arobaini. Foleni ikapita kwa wauza mihogo, ikapita machinjoni, ikatokea barabarani. Kiboko anakoroma tu, krooo, krooo.

Ikakaribia saa tisa. Mzee Nyati, ambaye hana subira hata ya kuvaa viatu, akaja hadi mbele.

"Kiboko! Kama hununui, pisha!"

"Pishaaa!" foleni nzima ikaitikia. "Vitaisha!"

Kiboko akashtuka. Akageuza shingo. Lahaula! Soko zima limejipanga nyuma yake.

"Wanataka nini hawa?"

"Vitumbua, babu," akasema Sikudhani kwa adabu. "Lakini wewe kama umechoka, nenda kapumzike. Mzee Nyati atachukua nafasi yako. Na vyenyewe ni vichache."

Kiboko akanusa. Iliki ikampanda puani hadi utosini. Maskini, Jumatano tatu alikuwa ameinusa harufu ile na hajaonja hata kimoja!

"Nani kasema naondoka?" akanguruma. "Nimekaa hapa tangu hakujapambazuka! Wa kwanza ni mimi! Mama Nguchiro, nipe kumi. Nipe ishirini!"

Mama Nguchiro akapakua harakaharaka. Kiboko akatupia mdomoni vitatu kwa mpigo.

Ndu! Ndu! Ndu! Mzee Kobe, mpiga ngoma wa soko, akafika na sauti yake ya polepole. "Kibanda... cha Mama Nguchiro... kimepata mteja?"

"Kimepata!" watu wakapaza sauti.

"Nani?"

"Mimi hapa!" akajibu Kiboko, mdomo umejaa. "Wa kwanza kabisa! Asiniruke mtu!"

Weee! Ndipo akasikia alichokisema. Kitumbua kikamkwama kooni, macho yakamtoka pima. Watu wakaangua kicheko mpaka Nyati akakaa chini.

Mama Nguchiro alimwonea huruma. Akampa kata ya maji, akampigapiga mgongoni, akamwambia, "Meza taratibu, mwenyekiti. Nipo, siondoki."

Basi wanangu, riziki ya mwenzio haizibiki hata ukiikalia.