Mfereji wa Ajuza

"Sili mpya haizibi mfereji wa zamani." Mliyasikia maneno haya jana kwenye kikao cha kuwapatanisha jirani zetu, mkacheka, mkadhani Mzee Tweve amechanganya mambo ya gereji na mambo ya ndoa. Hakuchanganya. Sogeeni niwaeleze maneno hayo yalikotoka.

Huko Makete palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Ngailo, na dereva aliyeitwa Kyando. Kyando alimwoa Tulizo, dada yake Ngailo, kwa hiyo wawili hao walikuwa mashemeji. Kazi ya Kyando ilikuwa kuendesha lori kuukuu la umoja wa wakulima, kushusha viazi kutoka milima ya Kitulo. Watu waliliita lori hilo Ajuza, kwa kuwa lilikohoa sana kila asubuhi kabla ya kuamka. Lakini Ajuza akishaamka, hakuna mlima uliomshinda.

Mwaka mmoja Ajuza akaanza kuvuja oili nyuma ya injini. Oili ililowesha klachi, na klachi ikilowa huteleza. Lori likawa linanguruma katikati ya mlima bila kusogea, na viazi mgongoni. Ngailo alifungua akakuta sili imekwisha, yaani ile pete ya mpira inayokumbatia shafti ya injini ili oili isitoke. Akaweka mpya, akaigonga mpaka mwisho kama alivyofundishwa tangu ujana. Oili ikavuja. Akanunua nyingine, bora kuliko ile, akaigonga vilevile. Ikavuja.

Basi ugomvi ukaingia. Kyando alisema sili imefungwa vibaya, Ngailo akasema lori linaendeshwa vibaya. Kila Tulizo alipowaketisha, walishikana mikono, wakanywa chai, wakacheka. Kisha mmoja wao alisema, "Lakini hebu tuseme kweli, kosa lilikuwa la nani?" Chai ikapoa mezani.

Ndipo mwenyekiti wa umoja, Mama Sanga, alipokwenda gereji mwenyewe.

"Ngailo mwanangu," alisema, "viazi vinaoza mashambani na wanachama wamechoka. Mfungue Ajuza mara moja ya mwisho. Akivuja tena, tunamuuza kwa watu wa chuma chakavu."

Ngailo aliitikia kwa heshima. Shemeji yake hakuwa na kazi nyingine. Na yeye mwenyewe, ambaye wilaya nzima ilimsifu kwa kutoacha kazi nusu, angebaki kuwa fundi aliyemzika Ajuza.

Kyando alikuja kusaidia kushusha gia boksi. Sili ilipotoka, Kyando aliinama, akapitisha ukucha juu ya shafti.

"Shemeji, hapa kuna mfereji."

"Huo ni mkwaruzo tu. Sili ya kwanza imekaa hapo miaka na miaka, lazima iache alama."

"Mkwaruzo haushiki ukucha. Wangu umekwama."

"Wewe una usukani wako. Shafti tuachie sisi wenye spana."

"Usukani ndio ulionifundisha," Kyando alijibu. "Njia ya Kitulo wakati wa masika, malori yakishachimba mifereji, anayeifuata analalia tumbo, hata awe na matairi mapya. Mimi hupanda kando, pale ambapo ardhi haijachimbika."

Ngailo akainama naye. Alipitisha ukucha wake mwenyewe juu ya shafti. Ukakwama. Akauona ukweli wote kwa ncha ya kidole: sili ya zamani ilikuwa imekula chuma polepole, na kila sili mpya aliyoigonga mpaka mwisho ilikwenda kukaa juu ya mfereji uleule, oili ikipita chini yake.

"Nikiigonga isifike mwisho," alisema polepole, "mdomo wake unaobana shafti utakaa kando ya mfereji, kwenye chuma kizima."

"Sasa kinachokuzuia ni nini?"

"Maisha yangu yote nimemcheka fundi anayeishia njiani."

"Basi leo jicheke, shemeji. Mimi nitakusaidia kucheka."

Ngailo alichukua nyundo. Siku zote aliigonga sili mpaka mlio ubadilike, uwe mzito, ndipo ajue imefika. Safari hii aliacha kabla mlio haujabadilika. Mkono ulitaka kuendelea, akauzuia. Akapima nafasi aliyoiacha, unene wa sarafu, kuzunguka pete yote, isije ikakaa upande. Wakafunga.

Ajuza alipanda Kitulo, akashuka na viazi, akapanda tena, akashuka. Mama Sanga alipofika gereji, Ngailo alikuwa chini ya lori na kitambaa cheupe. Alikipitisha nyuma ya injini, akamkabidhi. Mama akakikagua, akakinusa.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi tupu, mama."

"Basi wale wa chuma chakavu wakatafute ajuza mwingine."

Jioni hiyo Tulizo alipika chai, mashemeji wakaketi wakimsimulia kwa furaha habari ya mfereji. Kyando akasema, "Bila ukucha wangu, leo lori lingekuwa masufuria." Ngailo akasema ukucha haufungi sili. Kyando akasema, "Na zile mbili za kwanza alizifunga nani?" Ngailo akaanza, "Kama ungekuwa unaendesha..."

Tulizo akaweka birika chini.

"Mnanishangaza," alisema. "Lori mmelitengeneza, nyinyi mnavuja. Kila nikiwapatanisha, mnarudi kukaa palepale penye nani alikosea. Pameshachimbika hapo. Sili mpya haizibi mfereji wa zamani."

Ngailo alikuwa na jibu kali ulimini, jibu alilolizoea. Akalizuia kama alivyouzuia mkono wenye nyundo.

"Shemeji," alisema, "njia ya Kitulo ikoje siku hizi?"

Kyando akaeleza. Wakazungumza mpaka birika likaisha, na chai haikupoa.

Jana jirani zetu walisameheana mbele yetu sote, na kabla mkono wa mume haujatoka kwenye mkono wa mke, mume akaanza: "Ila wewe mwaka juzi..." Hapo ndipo Mzee Tweve alipomkatiza kwa maneno hayo. Msamaha ni mpya, lakini walikuwa wanaupeleka mahali palepale palipolika. Wasogee kidogo tu, unene wa sarafu, watakuwa kwenye chuma kizima. Sili mpya haizibi mfereji wa zamani.