Bunduki ya Kufika Ng'ambo

Chui alimfungia Nguchiro, fundi wa bunduki, katika karakana iliyokuwa ukingoni mwa mto wenye mamba.

"Nataka bunduki ya kupiga swala wa ng'ambo. Ukishindwa, chakula changu cha jioni ni wewe."

"Sawa, Mzee. Mtutu uwe mfupi au mrefu?"

"Mimi na mfupi wapi na wapi? Mrefu kabisa!"

"Na kitako?"

"Cha mpingo. Kizito."

"Darubini je?"

"Nione hata kope za swala!"

Nguchiro aliunga mtutu juu ya maji, akaunga tena, mpaka ukakaribia ng'ambo.

"Sasa kalia kitako, Mzee, mtutu usije ukainamia majini. Jicho kwenye darubini, usitikisike hata kidogo. Mimi naenda kunyoosha kilengeo pale mdomoni mwa mtutu."

Akatembea juu ya mtutu huku akiupangusa vumbi, akafika mwisho, akarukia nchi kavu.

"Unaniona, Mzee?"

"Vizuri sana! Hata sharubu zako nazihesabu."

"Zihesabu vizuri, maana huzioni tena. Na risasi nimekuja nazo."

Chui akainuka kwa hasira ili amfukuze. Bunduki nzima ikatumbukia mtoni, na mamba wakaanza kugombania darubini.