Mgongo wa Masele

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, kisha akamwonea haya mkunga, atabaki na uchungu wake. Wazee walioyaona hayo hawakuzunguka mbuyu. Walisema mficha uchi hazai, wakaendelea na shughuli zao. Na asidhani mtu kwamba walikuwa wakiwasema wanawake peke yao. Masele alikuwa mwanamume wa miraba minne, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, na methali hiyo ilimfuata mpaka wodini ikamkuta amelala kifudifudi.

Aliumia mgongo siku duara lilipoporomoka. Duara ndilo shimo refu ambalo wachimbaji huingia wakifuata mwamba wenye dhahabu. Mifupa iliunga, lakini maumivu yaligoma kuondoka. Alikunywa vidonge, akanywa mizizi, akachanjwa chale, wapi! Ule upole aliokuwa nao ukamtoka, akawa mkali kama pilipili. Mkewe, Mbuke, aliyameza matusi yake kwa muda mrefu, mpaka siku Masele alipomrushia kikombe binti yao mdogo, Mageni, kwa kosa la kucheka kwa sauti. Kikombe hakikumpata mtoto, lakini Mbuke hakungoja cha pili. Alifunga mzigo wake, akamchukua Mageni, arudi kwa wazazi wake Kagongwa.

"Sijakuacha, Baba Mageni," alisema akiwa mlangoni. "Nimeyakimbia hayo maumivu yako. Yakiisha, njoo utuchukue."

Tangu hapo Masele akawa mtu wa kutamani. Alitamani kumsikia Mbuke akipepeta mahindi uani. Alitamani kumbeba Mageni begani waende mnadani, mtoto amshike masikio kama usukani wa baiskeli. Mambo ambayo zamani hata hakuyahesabu kuwa ni kitu, sasa yalimtoa machozi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, sabuni na sukari vikipatikana kwa foleni, ndipo habari zilipoenea kwamba hospitali moja ya misheni, upande wa Shinyanga, imepata daktari mgeni mwenye ufundi wa ajabu. Alikuja na vifaa vidogo mithili ya kiberiti. Kimoja hushonewa chini ya ngozi, waya wake mwembamba ukapitishwa kando ya uti wa mgongo, na maumivu hutulizwa humo humo mwilini. Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache, wagonjwa tele. Masele alipakiwa kwenye lori la pamba, akafika huko akiwa hoi, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kutangulia Kagongwa.

Daktari alimpima akaridhika. Likabaki jambo moja: kila mgonjwa alipaswa kwanza kuzungumza na Bi Mwahija, muuguzi wa maradhi ya akili aliyefuatana na daktari huyo, mama mtu mzima kutoka Tabora, mtaratibu wa maneno, asiyeacha ushungi wake. Bila kauli yake hakuna aliyepasuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usingizi unaupata?"

"Bila shida."

"Na nyumbani, mwaishije na mama watoto?"

"Vizuri tu."

"Siku ile ya ajali, mlikuwa wangapi mle shimoni?"

Masele aliutazama ukuta. "Ajali ni ajali, mama."

"Kuna jambo lolote linalokulemea moyoni?"

"Hakuna. Mimi ni mgongo tu."

Msimwone mjinga. Kule alikozaliwa, mtu akienda kwa mfumu, yaani mganga anayepiga ramli, hafungui mdomo kueleza shida yake. Hupeleka kifaranga, akakaa kimya. Mfumu ndiye humpasua kifaranga, akasoma yaliyomo, kisha akamwambia mgonjwa: umefiwa, umegombana na fulani, umeacha hiki na kile. Asipoyajua, huyo si mfumu, ni mla kuku wa watu. Hivyo Masele alipoona mama huyu anauliza na kuuliza, alimdharau kimoyomoyo. Kama ni mtaalamu kweli, mbona hajui? Akaamua kumpima. Alificha kila kitu, akasubiri aambiwe.

Na kilichofichwa hakikuwa kidogo. Mle duarani alikuwa na mdogo wake, Bujiku. Asubuhi ile Bujiku alisita mlangoni mwa shimo akasema, "Kaka, udongo unadondoka. Tuongeze miti ya kuzuia kwanza." Masele akamcheka mbele ya watu, akamwambia kama ni mwoga akapike na wanawake. Kijana wa watu akashuka. Alitolewa jioni akiwa maiti. Msibani Masele alisema ilikuwa amri ya Mungu, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mdogo wake, hata kwa Mbuke. Lakini alimkosa, jamani! Alimkosa mpaka akaona maumivu ya mgongo ndiyo mkono wa Bujiku uliomshika, na zilikuwako siku alizoogopa kwamba mkono huo ukiachia, basi Bujiku atakuwa amekwenda moja kwa moja.

Kitanda cha jirani alilala Donatus, mkulima wa Ushirombo aliyeanguka kutoka juu ya marobota ya pamba. Yeye alitoka kwa Bi Mwahija macho mekundu.

"Nimemwambia yote," alisema, "hata kwamba niliwahi kushika kamba nijinyonge."

"Umejimaliza, ndugu yangu," Masele akamjibu. "Watakuandika kichaa. Kifaa hukipati ng'o."

Walipotangazwa waliochaguliwa, Donatus alikuwamo. Masele hakuwamo. Alidhani wamemruka kwa bahati mbaya, akangoja. Donatus akapasuliwa, akauguzwa, na asubuhi moja akatembea kutoka kitandani hadi dirishani bila kushika kitu, akasimama pale akicheka peke yake kwa sauti ya chini. Masele alimtazama mpaka aliporudi kitandani.

Siku daktari na wenzake walipoondoka, Masele alijikokota mpaka nje. Gari lilikuwa limepakiwa. Bi Mwahija alikuwa akifunga mkoba wake barazani.

"Mama, nilikukosea nini?" aliuliza. "Yule alikuambia anataka kufa, ukampa. Mimi nilikuambia sina shida, ukaninyima."

"Ndiyo, mwanangu. Maumivu ya Donatus nilijua yanatoka wapi, na akishikwa na huzuni nilijua nani atamshika mkono. Kifaa hiki hutuliza mishipa, hakitulizi moyo. Mtu mwenye donda la moyo lililofungwa, ukimtilia chuma mwilini, ataumwa vilevile, na chuma kimepotea. Wewe ulinifungia mlango. Nikakuita tena, ukaniambia huna la kuongeza."

"Nilidhani utayaona mwenyewe."

"Mimi sioni, baba. Mimi nasikiliza."

Hapo Masele aliketi kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalitaja jina la Bujiku. Akasema yote: miti ya kuzuia, kicheko, kikombe alichomrushia Mageni, na namna anavyoyataka maumivu na kuyachukia kwa pamoja. Dereva alipiga honi. Bi Mwahija akamwinulia mkono angoje, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta," alisema. "Tungezungumza siku chache tu, ningekuombea cha kwanza kabisa."

"Basi niombee sasa, mama. Nataka kwenda kumchukua mke wangu na mwanangu Kagongwa."

"Vimekwisha, mwanangu."

"Mgeni atarudi lini?"

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Mwahija, maana hakutaka kumdanganya. Alimshika bega, akamwambia akirudi nyumbani aende kaburini kwa mdogo wake akamwombe radhi kwa sauti, kisha ampelekee Mbuke maneno yale yale aliyoyasema pale kwenye ngazi. Akapanda gari. Masele alibaki amekaa, akimlilia Bujiku waziwazi mbele ya wapita njia, na huku analia mgongo ulikuwa ukimuuma vilevile. Maneno aliyokuwa nayo tangu mwanzo, ambayo yangempa mke wake, mtoto wake na usingizi wake, aliyatoa yote wakati mkunga ameshafunga mkoba. Na mficha uchi hazai.